Ku'damm 56, 59, 63: maswali mnayoniuliza kila siku kuhusu Monika, Helga na Eva

Tangu nianze kuisifia hii tamthilia ya TV ya Kijerumani, Ku'damm, kwa kila ninayekutana naye maswali yamekuwa mengi, mengine nimeshayajibu mara kumi kumi, kwa hiyo nimeyakusanya sehemu moja, ukija na lako pitia hapa kwanza halafu tunaendelea kupiga stori. Nimeiangalia yote mara tatu. Mara ya kwanza nilikuwa bado najifunza Kijerumani na nusu ya maneno yananipita, mara ya mwisho niliangalia na mdogo wangu yeye yuko Tanga mimi niko Berlin, na kila mara naona kitu ambacho mara ya nyuma sikukiona kabisa. Nimejitahidi nisiwamalizie uhondo, nikigusa mambo ya mbele nasema kabla.

Ku'damm ndo nini, na inatamkwaje?

Tamka "Kudam" basi. Ni kifupi cha Kurfürstendamm, barabara kubwa ya maduka na mikahawa upande wa magharibi wa Berlin, ina urefu wa kilomita 3.5 hivi, inaanzia pale Breitscheidplatz kwenye kanisa lililopigwa mabomu mwaka 1943, mnara wake uliovunjika juu wameuacha vile vile mpaka leo uwe kumbukumbu. Hiyo namba ni mwaka, yaani 56 ni 1956, 59 ni 1959, na kuendelea. Nilipofika Berlin nilipanda basi la M29 makusudi nikakaa ghorofani mbele kabisa ili niione hiyo barabara yote, na nikawa nawaza tu Monika angepita wapi.

Haya, inahusu nini?

Mama mmoja anaitwa Caterina Schöllack ana shule ya kufundisha dansi za heshima, waltz na wenzake, shule inaitwa Galant, ipo hapo hapo Ku'damm. Mume hayupo, vita viliisha na yeye hakurudi nyumbani. Ana mabinti watatu ambao wamefika umri wa kuolewa na akili yote ya mama iko hapo, apate wakwe wenye jina na hela. Helga ndo mkubwa, mtiifu, mchumba tayari. Eva ni nesi kwenye hospitali ya wagonjwa wa akili na amemlenga profesa, bosi wake, mtu mzima sana kwake. Monika ndo yule anayeonekana hana mbele wala nyuma, anafukuzwa chuo cha mapishi na utunzaji wa nyumba, anarudi Berlin na sanduku lake na mama anamwangalia kama vile kaleta msiba. Halafu Monika anakutana na rock'n'roll. Kuanzia hapo kila kitu ndani ya ile nyumba kinaanza kulegea.

Mbona unasema ni tamthilia ya urafiki wa wanawake, si ni ndugu wa tumbo moja hao?

Hili ndo swali nililoulizwa zaidi na ndo ninalolipenda zaidi kulijibu.

Sisi watu wa pwani tuna neno shoga, namaanisha kwa maana yake ya zamani, rafiki wa kike wa mwanamke, yule unayemwambia yale usiyoweza kumwambia hata mama mzazi. Ndugu unapewa, shoga unamtafuta mwenyewe. Sasa hawa watatu wamepewa undugu, wanalala nyumba moja, wanavaa nguo zilizoshonwa kwa kitambaa kimoja, wanajua kila kitu cha nje kuhusu mwenzao, nani anapenda sukari nyingi nani anakoroma, lakini mashoga sio. Kila mmoja ana jambo zito analolificha na wote wanajificha kutoka kwa wale wawili ambao ndo pekee wangeweza kuelewa. Monika amefanyiwa ukatili na hana wa kumwambia. Helga ameolewa na ndoa haina mapenzi ya chumbani na anadhani kasoro iko kwake. Eva anataka kuolewa na mtu asiyempenda kwa sababu anaogopa umaskini, na moyo unamvuta kwingine. Ukikaa ukaangalia vizuri utaona maumivu yao yanafanana, yote matatu yanatokana na ile ile amri ya mama kwamba lazima uolewe na watu wasijue, ila kwa vile hakuna anayesema kila mtu anadhani yuko peke yake duniani.

Na hapo ndo mwandishi kanikamata. Hakuwafanya wapendane kwa sababu ni ndugu. Kawaacha waoneane wivu, wasengenyane, wapeane maneno makali mezani, halafu taratibu, siku moja moja, mmoja anafungua mdomo. Wazee walisema ndugu wakigombana chukua jembe ukalime, na hawa ukilima ukarudi unawakuta bado wamenuniana, msimu wa kwanza wote kwangu ni habari ya wanawake watatu wanaojifunza kuwa mashoga wakati undugu walishakuwa nao siku zote.

Nani ni nani? Mimi nawachanganya.

Monika ni Sonja Gerhardt, nywele kahawia, macho makubwa. Helga ni Maria Ehrich, yule anayesimama wima kila saa. Eva ni Emilia Schüle. Mama ni Claudia Michelsen na huyo mama anaigiza mpaka unasahau ni mtu anaigiza. Wanaume wakubwa ni Freddy (Trystan Pütter) mwanamuziki, Joachim Franck (Sabin Tambrea) mtoto wa tajiri mwenye viwanda, Wolfgang (August Wittgenstein) mume wa Helga ambaye ni mwendesha mashtaka, na Profesa Fassbender (Heino Ferch). Baada ya nusu saa hutawachanganya tena.

Mama yao ni mbaya tu au?

Mara ya kwanza nilimchukia. Mara ya pili nikaanza kumwonea huruma na ikanikera kidogo kwamba namwonea huruma.

Fikiria hivi. Mwanamke amepita vita, mji umebomolewa, wanaume wengi wa rika lake wamekufa au wamefungwa ugenini au wamerudi wamevunjika, yeye kalea wasichana watatu na kaweka shule ya dansi isimame. Kitu pekee anachoamini kinaweza kumlinda binti ni mume mwenye nafasi. Kwa hiyo anawafundisha kile alichonacho, kukaa wima, kucheka kidogo, kunyamaza. Tuna methali ile ya mwana hutazama kisogo cha nina, na Helga ndo mfano kamili, kamtazama mama kisogo mpaka shingo imekakamaa.

Lakini sasa kuna sehemu sijamsamehe mpaka leo. Binti yake anapoumizwa, hesabu ya mama ni jina la familia kwanza. Na jambo lingine, anawapeleka mabinti kwenye ndoa bila kuwaambia chochote. Kwetu tunamlalamikia kungwi kwa mengi, na mengine ni kweli, lakini angalau kuna mtu mzima anakuweka chini anakwambia ndoa ni nini na mwili wako ni nini na ukiona hivi sema. Helga anaingia ndoani hajui kitu, hana somo, hana shangazi, ana mama anayetabasamu mbele za wageni. Nilipofika hapo niliisimamisha nikaenda kuchemsha chai.

Ni kweli wakati ule mume alikuwa anaweza kumwachisha mke wake kazi? Ujerumani hii hii?

Ujerumani hii hii, ya Magharibi. Mdogo wangu naye hakuamini.

Katiba yao ya mwaka 1949 iliandika wazi kwamba wanaume na wanawake wana haki sawa, na hiyo sentensi haikuja kirahisi, baraza lililoandika katiba lilikuwa na wajumbe 65 na wanawake 4 tu, mmoja wao mwanasheria Elisabeth Selbert ndo alipigana mpaka ikapita, na wanawake nchi nzima wakamwaga barua kumuunga mkono. Sasa katiba ikasema sawa lakini sheria za ndoa zikabaki za zamani. Mwaka 1956, ndo mwaka wa msimu wa kwanza, mume bado angeweza kwenda kuvunja mkataba wa kazi wa mke wake na ikawa halali. Sheria ya kuondoa hilo ilianza tarehe 1 Julai 1958. Na hata hapo ilibaki imeandikwa kwamba mke anaweza kufanya kazi kama haiharibu majukumu yake ya nyumbani, hicho kipengele kimeondoka mwaka 1977. Elfu moja mia tisa sabini na saba jamani.

Kubakwa ndani ya ndoa kuwa kosa la jinai la ubakaji ni mwaka 1997.

Kwa hiyo ukimwona Eva au Helga anasita kabla ya kufanya jambo ambalo wewe unaona ni dogo, kama kurudi kazini tu, usimwone mwoga. Sheria ilikuwa upande wa mwanaume na yeye anajua.

Kuna kubakwa? Nataka kujua kabla sijaanza.

Ndio, na ni mapema, sehemu ya kwanza kabisa. Anayefanyiwa ni Monika, anayefanya ni Joachim. Hawakuonyesha kwa tamaa, kamera haifurahii, lakini inauma na inakaa na wewe. Kama ni jambo linalokugusa usiangalie peke yako, au mwambie mtu aliyeshaiona akusimulie hapo katikati uruke.

Na niseme moja kwa moja, kuna kitu watazamaji wengi wanagombania na mimi nina upande. Huko mbele Joachim anapewa nafasi ya kuwa mtu wa kuhurumiwa na hata zaidi ya kuhurumiwa. Wengine wanasema ndo uhalisia wa zama zile, mwanamke hakuwa na pa kwenda na wengi waliolewa na waliowaumiza. Hilo ni kweli. Lakini mimi naona waandishi walimsamehe haraka kuliko Monika alivyopaswa, na sijabadilisha mawazo mara zote tatu. Unaweza kuipenda kazi na ukabaki na kinyongo na kitu kimoja ndani yake.

Rock'n'roll ilikuwa na ubaya gani mpaka watu wazima wanapiga kelele?

Ilikuwa muziki wa Wamarekani, tena wa Wamarekani weusi, na kizazi cha wazazi kilikuwa kimelelewa chini ya Wanazi kuambiwa huo ni uchafu, miaka kumi na moja baada ya vita hayo mawazo hayakuwa yameenda popote. Halafu ni dansi ambayo mwanamke anarushwa, sketi inapaa, anatoka jasho, anacheka kwa sauti. Linganisha na Galant ambapo mkono uko hapa, kidevu kiko hapa, mwanaume anaongoza. Vijana wa wakati ule waliokuwa wanafanya fujo mitaani walikuwa na jina kabisa, Halbstarke. Na Oktoba 1958 mwanamuziki wa rock'n'roll wa Marekani Bill Haley alipokuja kupiga pale ukumbi wa Sportpalast hapa Berlin watu walivunja viti na vifaa vya jukwaani, polisi wakaja.

Kwa hiyo Monika anapoingia kwenye kile kilabu cha Mutter Brause na Freddy anamshika mkono, kwa mama yake hiyo ni zaidi ya kukosa adabu. Angalia mwili wa Monika kabla na baada. Kabla ya hapo anatembea mabega yamejikunja kama anaomba radhi kwa kuchukua nafasi. Akicheza mabega yanafunguka. Hakuna anayekuambia, unaona tu.

Freddy ana nini? Mbona ghafla anabadilika?

Freddy ni Myahudi aliyenusurika kambi za Wanazi. Anacheka sana, anatania sana, halafu kuna wakati unaona kwamba kucheka kule ni kazi anayoifanya. Sitaki kusema zaidi.

Na hiyo shule ya dansi ilikuwa ya nani kwanza?

Swali zuri sana na wengi linawapita. (Kama hujaona, ruka hili.) Galant haikuwa ya akina Schöllack. Ilikuwa ya familia ya Kiyahudi, na akina Schöllack waliipata wakati wa Wanazi. Hiyo haikutungwa hewani, ilitokea kweli Ujerumani nzima, biashara na nyumba za Wayahudi zilichukuliwa kwa nguvu au kwa "kununuliwa" kwa bei ya kutupa kwa sababu mwenye mali hakuwa na uchaguzi, na wenyewe walikuwa na neno la kiofisi kwa huo wizi, waliuita kuifanya mali iwe ya Waarya, yaani ya Wajerumani wasio Wayahudi. Baada ya vita watu wengi waliendelea kukaa humo humo, wakapaka rangi, wakabadilisha kibao, wasiongelee.

Sasa unganisha na yale ya mabinti. Nyumba nzima imejengwa juu ya jambo ambalo halisemwi. Mama aliyefundisha watoto wake kunyamaza kuhusu miili yao ndo huyo huyo anayenyamaza kuhusu sakafu anayoikanyaga. Ndo maana mimi nasema mabinti wanapoanza kuambiana ukweli wao kwa wao wanagusa mpaka msingi wa nyumba, na mama analijua hilo kabla yao.

Wolfgang ni mwanaume anayependa wanaume, kwa nini asiseme tu na kuachana na Helga?

Kwa sababu angefungwa. Kulikuwa na kifungu cha 175 kwenye sheria ya jinai, Wanazi walikikaza mwaka 1935 na Ujerumani Magharibi ikaendelea kukitumia vile vile kilivyokazwa mpaka 1969, wanaume kama elfu hamsini walihukumiwa kwa miaka ile baada ya vita. Kimefutwa kabisa 1994. Na Wolfgang ni mwendesha mashtaka, yaani ofisi yake ndo inayowapeleka mahakamani watu kama yeye. Hapo kwenye ndoa yake na Helga kuna wawili wanaoumia, na jambo ambalo mimi lilinigusa ni jinsi hao wawili wanavyofika mahali wanakuwa wenza wa siri, wanalindana. Hilo nalo ni urafiki wa aina yake.

Baba yao yuko wapi, na mbona watu wanaenda Berlin Mashariki kama wanaenda sokoni?

Kwa sababu 1956 ule ukuta uliokuja kugawa mji, Mashariki na Magharibi, haukuwepo. Ulijengwa kuanzia tarehe 13 Agosti 1961. Kabla ya hapo ulikuwa unapanda treni tu, unaweza kukaguliwa, lakini unafika. Baba utamjua ukifika, jibu liko upande huo huo.

Ziko ngapi na naanzia wapi?

Anzia 56, usiruke. Kila msimu ni filamu tatu za saa moja na nusu hivi, sehemu nyingine wanazikata ziwe episodi sita fupi, ni kitu kile kile. 56 ilirushwa na ZDF, kituo cha televisheni cha Ujerumani, mwezi Machi 2016, 59 ikatoka Machi 2018, 63 Machi 2021. Aliyeibuni hadithi hii ni Annette Hess, huyo huyo wa tamthilia ya Weissensee, ile ya familia za Berlin Mashariki. 56 na 59 ziliongozwa na Sven Bohse, 63 ikaongozwa na mwanamke, Sabine Bernardi, na ukiangalia kwa kufuatana utaona tofauti ya jicho.

Kwangu bora ni 56. 59 ina vitu vizito. 63 inatawanyika kidogo lakini ukishawapenda hawa watu utaangalia tu.

59 ina vitu gani vizito? (hapa nagusa ya mbele)

Monika kazaa bila ndoa, mtoto anaitwa Dorli. Na Dorli analelewa na Helga na Wolfgang. Yaani dada mkubwa ambaye hana mtoto analea mtoto wa mdogo wake, na mdogo mtu yuko hapo hapo mjini, sasa ni mwanamuziki anayejulikana, anakuja kumtembelea mwanae kama mgeni.

Nimesikia watu wanamlaumu Monika, ati kachagua muziki. Wakati ule Ujerumani Magharibi mwanamke akizaa bila ndoa, mlezi wa kisheria wa mtoto anakuwa ni ofisi ya serikali ya ustawi wa watoto, hivyo tu, moja kwa moja, mama hata kama ana kazi na nyumba. Sheria hiyo ilibadilika mwaka 1970. Kwa hiyo Helga na Wolfgang, wenye cheti cha ndoa na samani nzuri sebuleni, kwa macho ya serikali ndo wazazi wazuri, pamoja na yote tunayoyajua kuhusu hiyo ndoa.

Na hapo ushoga wa hawa dada wawili, ule wa urafiki niliousema juu, unapimwa kwa kipimo kibaya kuliko vyote, kwa sababu wote wawili wanampenda mtoto kweli. Hakuna adui. Helga sio mwizi na Monika sio mama mbovu. Sisi tulilelewa kwenye nyumba ambazo mtoto wa dada ni mtoto wako, anakuita mama mkubwa au mama mdogo na hakuna anayeona ajabu, mama wanaweza kuwa wanne. Pale Ujerumani ya 1959 mama ilibidi awe mmoja tu, mwenye karatasi. Nikiwa naangalia nilikuwa nasema kwa sauti, jamani si wamlee wote. Eva mara nyingi ndo anayebaki katikati, na ndoa yake mwenyewe imeshakuwa kifungo.

Mama Caterina humo kageuka meneja wa Monika na Freddy, huyo mama hachoki.

Kijerumani chao ni kigumu? Mimi niko A2, ngazi ya pili ya kujifunza lugha.

Kigumu kidogo ila kinafaa kuliko tamthilia za sasa, kwa sababu watu wanaongea taratibu na kwa sentensi zilizokamilika, zama zile na tabaka lile ndo walivyoongea. Sikiliza sana nani anamwita nani Sie, yaani wewe ya heshima, na nani du, wewe ya watu wa karibu. Kwetu shikamoo inakuonyesha nani mkubwa, wao wana Sie, na mtu akihama kutoka Sie kwenda du kuna kitu kimetokea baina yao hata kama hawajakuonyesha. Utasikia pia Fräulein, yaani mwanamke ambaye hajaolewa, hata awe na miaka hamsini, na serikali ililiondoa hilo neno kwenye maofisi mwaka 1972 tu. Ukisikia mtu anamwita Monika Fräulein sikiliza na sauti, kuna wanaolitamka kwa heshima na kuna wanaolitamka kama tusi.

Mbinu yangu, angalia kipande na maandishi ya Kiingereza, halafu rudia na maandishi ya Kijerumani. Usiandike kila neno, utachoka. Andika sentensi tatu kwa siku.

Naipata wapi?

Kwa walioko Ujerumani iko kwenye mediathek ya ZDF, yaani maktaba yao ya video mtandaoni, bure, wao wanaitoa na kuirudisha kwa hiyo ukikosa leo jaribu baada ya muda. Nje ya Ujerumani mediathek mara nyingi inakufungia. DVD zipo, mimi ya kwanza nilinunua mtumba kwenye soko la Jumapili, bei ya mkate.

Nasikia kuna ya jukwaani?

Ipo, Ku'damm 56 imefanywa tamthilia ya nyimbo, ilianza Novemba 2021 pale Theater des Westens, jengo ambalo liko karibu kabisa na hiyo Ku'damm yenyewe, muziki wa Peter Plate na Ulf Leo Sommer, na Annette Hess mwenyewe aliandika. Baadaye wakaifanya na ya 59.

Naweza kuangalia na mama yangu? Na watoto?

Watoto wadogo hapana. Msichana wa miaka kumi na sita na kuendelea, kama mko karibu, ndio, ila kaa naye, kuna mambo atataka kuuliza na ni bora akuulize wewe. Mama inategemea mama. Mimi wangu nilimsimulia tu kwa simu, kipande kwa kipande, wiki kama tatu, na alikuwa ananikatisha anasema huyo Caterina anamjua, kisha anamtaja jirani wa zamani. Siku moja akaniambia na yeye aliolewa hajaambiwa kitu, bibi alisafiri kungwi aliugua na harusi haikungoja. Nina miaka thelathini na nne, sikuwahi kulisikia hilo.

Wewe uliangalia na mdogo wako vipi na mko nchi mbili?

WhatsApp. Tunahesabu tatu mbili moja halafu kila mtu anabonyeza kwake, simu nyingine sikioni. Bando lake likikata ananiandikia neno moja, "subiri", na mimi nasubiri, picha imeganda Helga kafungua mdomo. Tulipofika pale 59 dada wawili wanapogombea mtoto mdogo wangu alinyamaza muda mrefu nikadhani mtandao umekata, kumbe alikuwa analia, na usiku huo ndo aliniambia mambo ya ndoa yake ambayo sitayaandika hapa. Tuliongea mpaka kule adhana ya alfajiri ikasikika kwenye simu. Sehemu mbili za mwisho hatukuzimaliza wiki ile, tulizimalizia mwezi uliofuata yeye akiwa kwa mama.

Kuna muendelezo baada ya 63?

Upo, Ku'damm 77. Kumbuka ule mwaka niliowaambia juu, sheria ya mke na kazi. Mabinti sasa ni wanawake wazima na wana mabinti wao, na Caterina bado yupo.